Uzi wa Kijani

Nani kati yenu ameandika barua hii? Msitazamane kama watoto waliovunja bilauri. Macho yangu yamechoka lakini karatasi bado naiona, na hii hapa imechapwa kwa kompyuta, ina mhuri, inampa mtu siku thelathini awe ametoa vitu vyake kwenye chumba cha uani, na juu kabisa mmeandika kwa Kiingereza, To Whom It May Concern. Mama yenu mdogo huyo! Amekaa nanyi ua mmoja miaka arobaini na tano, amewaogesha, amewafuta kamasi, wewe Mkubwa alikubeba mgongoni mpaka hospitali siku ulipomeza kifungo, na leo mwanangu wa kwanza anamwandikia To Whom It May Concern, kama anaomba kazi.

Digrii, usijifiche nyuma ya baba yako. Najua uandishi wako. Na hasira zako nazijua, mjukuu wangu, wala sikulaumu kwa hizo, maana umesoma mpaka ukavaa miwani, ukavaa na lile joho, tukapiga picha, kisha miaka minne unatuma barua na hakuna hata mshenzi mmoja wa kukujibu kwamba hapana. Baba yako akakwambia andika, tukivunja uani tutajenga maduka, moja litakuwa lako. Ukaandika. Ungefanyaje? Mimi sina ubavu wa kukucheka, na mkikaa kimya mtasikia kwa nini.

Sogeza simu hapa karibu, inase sauti. Sitasema mara mbili, pumzi yenyewe naiokoteza.

Leo asubuhi alikuja kuniona, kama kila asubuhi, na karatasi hii ameikunja vizuri, akaniambia, “Dada, nimeikuta mlangoni, nisomee, inasemaje?” Kwa sababu yeye hajui kusoma, na hiyo nayo nitawaeleza. Nikaifungua. Nikaisoma yote kimya. Kisha nikamwambia, ni watu wa maji, wanasema watakata maji Jumatano. Akasema ahsante dada, akatoka kwenda kujaza ndoo. Sikilizeni. Huko nje mnasikia bomba? Ni yeye. Tangu asubuhi anajaza ndoo, mtu wa miaka sabini na tisa, anajaza na ndoo zenu.

Hiyo ni mara ya pili katika maisha yangu nimeshika barua nikaisoma uongo. Ya kwanza ndiyo nimewaitia.

Nyinyi mnapenda nikiwasimulia utoto wangu. Bibi tuambie enzi zile, Bibi ilikuwaje bila umeme. Na mimi nimekuwa nawakatia vipande vitamu tu, kama mtu anayemenya chungwa akawapa wageni nyama na maganda akayaficha mfukoni. Leo chukueni na maganda.

Nyumba hii ilikuwa ya dobi. Hapo penye gari la Mkubwa palikuwa na mapipa matatu, la kuloweka, la kusuuza, na la buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na jiwe pana la kusugulia ambalo mmelivunja kuwekea sakafu. Baba yangu alikuwa anafua. Mdogo wake, Baba Mdogo, alikuwa anapiga pasi, ile pasi ya mkaa ambayo wewe binti yangu nesi umeiweka sebuleni na maua ndani. Waliijenga nyumba hii wawili, mmoja anakanda udongo, mwingine anapanga matofali, na walikuwa wakibishana kila tofali. Asubuhi tulikuwa tunaamshwa na harufu ya wanga wa nguo unaochemka, tukidhani ni uji, na kila siku tulidanganyika. Kamba za kuanikia zilikatiza ua mzima, na sisi watoto tulikuwa tunakimbia katikati ya mashuka ya watu, yanakupiga baridi usoni, mama anapiga kelele, “Mkichafua moja mtalifua nyinyi!” Shule tulikwenda pekupeku, kibao cha kuandikia kwapani. Muuza duka wa kona ndiye peke yake aliyekuwa na redio, akaifungulia saa kumi jioni, na watu wazima walikuwa wanasimama dukani hawanunui kitu, wanasikiliza mtu asiyeonekana, mwenye duka anawatukana na hawasikii.

Na Baba Mdogo. Alikuwa anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya shati yanatoka kama ukungu, kisha pasi inapita. Tukipita karibu naye anakugeukia wewe. Fuu! Unakimbia umelowa, unarudi tena ili akulowanishe. Binti yake na mimi tulipishana miaka miwili. Kwa kuruka kamba hakuwa na mwenzake mtaa mzima, ndiyo maana nikamwita Chura, na mpaka leo mkisikia namwita hivyo mnadhani namtukana. Tulikuwa tunalala mkeka mmoja. Tulikuwa na gauni moja zuri, wiki hii lake, wiki ijayo langu.

Sasa sikilizeni kazi ilivyokuwa. Baba na mdogo wake hawakujua kusoma hata herufi moja, na nguo za nyumba ishirini zilikuwa zinalowekwa pipa moja. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na uzi wake. Nguo ikiletwa, kabla haijagusa maji, inashonwa alama ndogo kwenye pindo kwa ndani: bwana wa posta, buluu mara mbili, mwalimu mkuu, kijani mara mbili, mama wa hoteli, nyekundu moja. Ikishakauka na kupigwa pasi, baba alikuwa anafumba macho kidogo kama anayesali, anageuza pindo, anaipeleka kwenye fungu lake. Hakuwahi kukosea, na asipokuwepo mdogo wake alifanya vivyo hivyo. Na mshona alama nilikuwa mimi, miaka kumi na moja, kwa kuwa nilikuwa na vidole vyembamba na macho mazuri.

Siku moja bwana wa posta alileta shati la hariri, la kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Nikachukua uzi wa buluu, umeisha. Dukani ni hatua mia mbili tu. Lakini Chura alikuwa nje ananiita, “Njoo bwana, kamba imeshashikwa!” Nikashona kijani. Nikajiambia nitabadilisha nikirudi, na nilikwenda kuruka kamba nikafika sabini na mbili bila kukanyaga, idadi ambayo sijawahi kuifikia tena. Nikasahau kabisa. Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Sikuwa na ubaya na mtu. Nilikuwa nacheza.

Wiki ile ile mwalimu mkuu alihamishwa, mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Fungu lake likafungwa, likaenda naye, na shati la bwana wa posta ndani yake.

Bwana wa posta alikuja mchana, amesimama hapo mlangoni, hataki hata kiti. Baba akapekua mafungu yote. Akamuuliza mdogo wake, “Shati la hariri umelipiga pasi?” “Nimelipiga mimi mwenyewe, kaka.” “Liko wapi?” “Nililiweka kwa mwalimu. Lilikuwa na uzi wa kijani.” Baba akacheka, si cheko la furaha, akasema kijani kwa bwana wa posta, tangu lini? Akanigeukia. “Mwanangu, uliweka uzi gani?”

Nikasema buluu.

Nipeni maji. Siyo hayo, ya baridi.

Nilisema buluu. Baba Mdogo alinitazama tu. Alijua. Alikuwa ameushika ule uzi kwa mkono wake, alijua kabisa, na hakuniita mwongo mbele ya watu, mtoto wa kaka yake. Akasema, “Basi, labda ni mimi.” Na kwa neno hilo baba akaamini mdogo wake ameliuza shati lile. Bwana wa posta alilisambaza mtaani kabla jua halijazama, wateja wakaanza kuja kuchukua nguo zao hata hazijakauka, na baba, ili mapipa yasikauke, akamwambia mdogo wake aondoke. Waliondoka na mkeka na sufuria mbili. Chura alitolewa shule akiwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Aliniachia gauni, ingawa wiki ile ilikuwa yake, maana alijua huko waendako hakuna pa kulivaa.

Mngedhani yaliishia hapo. Miezi minne baadaye kikaja kifurushi. Mwalimu mkuu, mtu muungwana, alikuwa amelikuta shati lisilo lake akalirudisha, na barua juu. Kifurushi nilikipokea mimi, kwa kuwa msomi wa nyumba nilikuwa mimi. Shati nikalificha chini ya godoro. Barua ilikuwa na muhuri wa posta, mama alikuwa ameshaiona, ikabidi niisome. Baba akakaa kwenye jiwe la kufulia, mikono yake imekunjamana kwa maji kama ngozi ya mzee, akasema, “Haya, soma.” Na mimi nikasimama wima kama tulivyofundishwa shuleni, nikamsomea salamu. Anasema hajambo. Anasema mvua zimenyesha huko. Anasema hajapata dobi kama wewe. Baba akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mwalimu yule bado anatukumbuka, akaniambia rudia hapo pa dobi. Nikarudia.

Digrii, unanielewa sasa? Mtu mmoja ndani ya nyumba anajua kusoma, wengine wote wanamtazama mdomo. Unaweza kumfukuza mtu kwa karatasi na usimnyanyulie hata mkono.

Baba Mdogo alikufa kuli wa sokoni, huko kwenye mji wa watu, mgongo umepinda. Baba naye, siku zake za mwisho, alikuwa anashika pindo la shuka, analigeuza, analipapasa, analigeuza tena. Nesi wa hospitali alisema ni homa. Mimi nilijua anatafuta uzi. Na hata pale sikusema. Nilimtafuta Chura nikamkuta anauza mboga chini ya jua, nikamleta, nikampa chumba cha uani, mtaa mzima ukanisifu: mwanamke huyu ana roho, amemchukua mtoto wa mwizi! Mkanisifu na nyinyi. Mkakua mkijua yeye ni mtoto wa mwizi, kwa hiyo Mkubwa unafunga stoo kwa kufuli akipita, na wewe nesi ukija sikukuu unaubana mkoba kwapani. Sikuwafundisha mimi kwa mdomo. Niliwafundisha kwa kunyamaza. Mwenyewe hajawahi kuniuliza. Siku moja tu, tunachambua mchele, aliniambia, “Dada, unajua baba alisema nisikuchukie?” Kisha akaendelea kuchambua. Sikujua anajua nini. Niliinuka nikasema nimesikia mlango unagongwa.

Nimechoka, wanangu. Siumwi kama mnavyodhani, nimechoka tu. Kubeba kitu miaka sabini kunachosha kuliko kufua.

Basi wosia wangu ni huu. Pasi ya mkaa itoeni maua, apewe yeye, ilikuwa ya baba yake. Vyombo na cherehani, nesi. Vyumba viwili vya mbele gawaneni Mkubwa na huyu nesi dadako, msigombane, na Digrii akae chumba cha pembeni bila kuambiwa anakula bure, kwa sababu kukosa kazi si uvivu, na atakayemsimanga nikiwa kaburini ajue sijalala. Lakini kuanzia palipokuwa na jiwe la kufulia kwenda nyuma, uani kote, chumba, bomba na mti wa kamba, si pangu. Havijawahi kuwa vyangu. Ni nusu ya Baba Mdogo, na leo ni ya binti yake, auze, apande bamia, afuge kuku wa kuwachafulia gari, shauri yake. Hakuna duka litakalojengwa pale. Mkubwa, usinikunjie uso. Ulikuwa unagawa kitu cha wizi, na mwizi ni mama yako.

Mungu awape mikono yenye kazi na usingizi wa kutosha. Mzeeke mkiwa na mtu wa kumsemesha. Mjukuu wangu, barua yako moja ijibiwe, moja tu yatosha... Niinueni kidogo. Hivyo. Msinishikie pindo la shuka, liacheni, nataka kulishika mwenyewe.

Chini ya kitanda kuna sanduku. Lifungue, Digrii. Ondoa kanga. Hilo. Limekuwa la manjano, eh? Geuza pindo, kwa ndani, usilichane. Unaona? Kijani. Mara mbili. Vidole vyangu hivyo, vya miaka kumi na moja... Na barua imo mfukoni mwa shati.

Bomba limefungwa. Amemaliza ndoo. Mkubwa, hiyo notisi yako ikishasomwa, ichane, hapa, nisikie inachanika. Nesi, kamfungulie mlango, mwambie dada anamwita, mpe kiti changu. Na wewe msomi, simama wima mbele yake. Mimi sina tena sauti, na ningekuwa nayo nisingeaminika. Msomee barua ya mwalimu, yote, kama ilivyoandikwa, usiongeze salamu. Kisha msomee na ile uliyoiandika wewe.

Soma.