Mzee Mkasi na Simu Yake ya Karatasi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Mkasi wa kaunta ya kuazimia vitabu anastaafu, baada ya kuitumikia maktaba yetu miaka thelathini na mmoja. Wenye vyeti wamekwepa kumwandikia neno la kuaga, kila mmoja eti ana kazi. Haya, anaandika mfagiaji. Shule niliiacha darasa la nne, lakini macho ninayo.

Alianza kwa kuganga vitabu vilivyochanika, na huko ndiko alikopatia mkasi na jina. Akapandishwa hadi kaunta. Chai yake aliinywa baridi siku zote, maana kila akiinua kikombe, msomaji huyo hapo.

Kazi iliyomtoa jasho hasa ni programu ya simu ya kuazimia vitabu. Mkurugenzi alitangaza kwamba ikianza tu, kaunta inafungwa. Mafundi wa kompyuta walikwisha kuichora, inang'aa kama sufuria mpya. Mzee Mkasi akauliza, asiyeiweza ataazima wapi? Wakamwambia atazoea. Hapo ndipo walipochokoza nyuki.

Alikata maboksi kwa kipimo cha simu, akanakili juu yake kurasa zote za mafundi. Msomaji anabonyeza kwa kidole, yeye anabadilisha kadi bila kusema neno, kana kwamba ndiye simu. Mwalimu mmoja alicheka, "Simu gani hii yenye mvi?"

Nami niliitwa. Nilitaka kitabu cha kufuga kuku, nikabonyeza picha ya kitabu. Kimya. Nikabonyeza tena kwa kidole chenye maji ya kudekia mpaka kadi ikavimba. Binti fundi, yule wa miwani, akasema, "Bibi hajui simu huyu."

Mzee Mkasi akamjibu, "Mwanangu, kidole cha bibi hakina kosa. Kosa ni la kadi."

Aliwajaribu wasomaji tisa. Saba walibonyeza picha vilevile, wakakwama, maana mafundi kitufe walikiweka kwingine. Akaanza kuchora upya, kwa njia yake. Mkurugenzi akampa mpaka Jumanne saa sita mchana. Akikosa cha kuonyesha, ya mafundi inapita na kaunta inafungwa.

Jumanne asubuhi nikakuta mezani vipande arobaini na viwili vya boksi. Nikasema takataka, nikazoa. Gari la taka likapita. Msinikodolee macho! Nani anaacha kazi yake mezani bila hata kuiwekea jiwe juu?

Mwingine angenitukana. Yeye alivuta kiti, akashika mkasi. Nilimshikia maboksi, yeye akikata. Saa sita kasorobo alikuwa na kadi kumi na saba tu, zilizobaki hakuzikumbuka. Nikajua nimemmaliza mzee wa watu. Akazitazama, akazipanga upya, akasema, "Kama mimi niliyezichora nimezisahau, msomaji angezikumbukaje?" Akaingia nazo mkutanoni.

Mafundi walikuja na simu ya majaribio. Mkurugenzi akabonyeza picha ya kitabu. Kimya. Akabonyeza tena. Mara ya tatu akalegeza tai. Kisha akageukia kadi za Mzee Mkasi, akaazima kitabu kwa kubonyeza mara tatu tu.

Programu mnayoitumia leo ni zile kadi kumi na saba, na kaunta iko wazi kwa asiye na simu. Yule binti wa miwani siku hizi hagusi kompyuta kabla hajakata boksi. Mkasi ameachiwa yeye. Na vipande vyake vikiwa mezani, nadeki kwa kuzunguka.

Asante, mzee mwenzangu, kwa ukaidi wako. Sisi sote wa maktaba tunakuombea afya, usingizi mzuri na chai ya moto hatimaye. Na wajukuu wakikupa simu mpya ikakushinda, usijilaumu hata kidogo. Kosa ni la simu.