Anamtaka Kofi

Kivuko kilipoacha gati, Adwoa alimwambia bibi aliyeketi naye, asiyemjua hata jina, jambo alilomficha mama yake: daktari anataka kumpasua kesho Alhamisi amtoe mtoto, kwa kuwa presha imepanda, lakini yeye atakwenda Ijumaa. Kwao jina hufuata siku ya kuzaliwa: mtoto wa kiume wa Alhamisi huitwa Yaw. Yeye anamtaka Kofi, wa Ijumaa, kama marehemu mumewe.

“Na mimi ni Yaa, wa Alhamisi,” bibi akasema. “Nina kasoro gani?”

“Sikusema hivyo, Nana, bibi yangu.”

“Haya. Siku yako ya kuzaliwa, viazi vikuu na yai hukupondea nani?”

“Mama. Mpaka leo, na mvi zimeshanianza. Ananilisha kwa mkono wake.”

“Mimi alinipondea shangazi, maana mama alifariki akinizaa. Shangazi aliponda vizuri, mwanangu, simlaumu. Lakini kila mwaka nilikuwa natazama mlangoni.”

Adwoa akaweka mkono tumboni. Kivuko kikagusa ng’ambo na watu wakaanza kusimama.

“Bado namtaka Kofi,” akasema.

“Mtake tu,” bibi akamjibu. Akamshika mkono ainuke, na hata walipofika nchi kavu hakuuachia.