Michirizi Aliyokataa Kuifuta

Mpendwa wetu, ambaye nyumbani tulimwita Nyata, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kitinda mimba wa mwashi na mshonaji.

Alianza shule Januari 1968. Paa la jikoni lilivuja mahali pawili, na beseni moja lilikinga matone yote. Siku moja mama alimkuta ameliinamia, vyombo vichafu vimemzunguka.

“Wewe, vitajiosha?”

“Mama, tazama. Viwimbi vikikutana, hapa maji yanaruka, hapa yanatulia.”

Mama alimwachia beseni lake. Vyombo akaviosha dada yake mkubwa, ambaye hakumsamehe hadi mdogo wake alipohitimu uzamivu wa fizikia, tarehe 3 Novemba 1990.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye maabara ya leza, chumba cha chini kisicho na dirisha. Kazi yake ilikuwa kuipiga atomu kwa mimweko miwili ya mwanga iliyofuatana mpaka elektroni ing'oke, kisha kupima ilivyotoka. Vioo vya leza havitaki mtikisiko, basi akazoea kutembea kwa ncha za vidole hata sebuleni. Ndipo akaitwa Nyata.

Tarehe 8 Mei 1993 alifunga ndoa na fundi saa, mwanamume pekee tuliyemjua aliyeweza kukaa naye bila kutikisa meza.

Mwaka 1997 picha zake za elektroni zilitoka na michirizi myeusi na myeupe. Mkuu wa maabara akasema, “Ni mtikisiko wa pampu ya kunyonya hewa huo. Ifute, la sivyo ripoti yako sitaitia sahihi.”

Yeye aliamini elektroni moja ilitoka kwa njia mbili kwa pamoja, na njia hizo zikikutana hufanya kama viwimbi vya beseni.

Dada yake alimwuliza, “Wewe mwenyewe ulitoka nyumbani kwa mlango mmoja. Kadude hako kanapitaje miwili?”

Akacheka. “Dada, kangejua unakachungulia, kangepita mmoja.”

Alihamishia pampu chumba cha pili, akapima upya. Baadhi ya michirizi ilipotea kweli. Akatupa vipimo vya miezi kumi na moja na kukiri kosa mbele ya wenzake wote. Ile iliyobaki hakuifuta. Tarehe 22 Juni 1999 alimwita mkuu, akaziba mmweko mmoja: michirizi ikatoweka. Akauachia: ikarudi. Mkuu akasema, “Leta kalamu.”

Alianza kuugua figo Agosti 2022. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Juzi mpiga chapa wa ratiba hii ya mazishi, yenye picha yake ya elektroni jaladani, alimpigia dada yake simu. “Mama, picha ya jalada ina michirizi. Niisafishe?”

Dada yake akamjibu, “Mwanangu, mkuu wa maabara alishindwa kuifuta. Iache hivyo hivyo.”

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na dada yake mkubwa.

Mungu ampumzishe. Huko aliko, akanyage kwa nguvu apendavyo.