Yotamu Kalinga, Aliyesikiliza Mawimbi ya Hewa ya Juu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Clement, baba yake mdogo Yotamu, na mama yake, shemeji yangu Evarista, ameniagiza nisiwalize kupita kiasi, maana mwanawe alikuwa mtu wa kucheka.

Yotamu alizaliwa hapa Igowole tarehe 14 Aprili 1979, akasoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Iringa mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu fizikia mwaka 2004, akaajiriwa Mbeya kuchunguza mawimbi madogo ya hewa, yale yanayoanzia milimani na kwenye mawingu ya radi, yakapanda na kukua hadi kilomita tisini juu, yakavunjika huko na kuivuruga hewa kama uji unaochemka. Sisi tuliitikia ndiyo, ndiyo, wala hatukuelewa kitu.

Tarehe 6 Juni 2009 alifunga ndoa Uyole na Alinanuswe, wakajaliwa Marta na Dastan.

Mwaka 2015 alisimika antena za rada shambani kwa mama yake, na Januari iliyofuata mvua ya mawe ikafyeka mahindi ya kijiji, basi lawama zote zikamwangukia yeye, mkutano ukaitishwa, wazee wakataka antena zing'olewe. Yotamu alichora, akaeleza kwamba yeye husikiliza juu kabisa, mbali na mvua, wapi! Hapo Evarista akasimama, akasema atapanda maharage yake katikati ya hizo antena, na kama mwanawe ndiye mwenye mawe, basi yaanze na mama yake mzazi. Machi mawe yakaanguka tena, kwa majirani yakapita pembeni, maharage ya Evarista yakalala yote chini, na watu wakacheka mpaka machozi, kwani mchawi gani angemnyima mama yake mboga? Kesi ikafa siku hiyo. Yotamu alimnunulia mama maharage ya sokoni mwaka mzima.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Mbeya, hadi alipotutoka asubuhi ya tarehe 3 Mei 2025, mkewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia, tusidanganyane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani mliochimba kaburi. Jana wazee walewale waliotaka antena zing'olewe walikuja kumwomba Evarista asikubali zihamishwe, kwa kuwa ni kazi ya mtoto wao. Amewajibu kwamba mawimbi hajayaelewa mpaka leo, ila mwanawe alikuwa anasema kweli, na zitabaki.

Pumzika salama, Yotamu.