Kiganja Chini ya Maji

Kifuniko cha birika kilichezacheza jikoni kabla hakujapambazuka. Nikanywa chai, nikapanda basi la kwanza. Mbele yangu fundi cherehani mwenye magoti mabovu alikuwa akibishana na mwanamke mwenye taulo begani, waliyejuana naye bwawani jana tu.

"Daktari kasema niogelee, la sivyo ngazi za kwangu zitanishinda. Lakini mimi nazama, dada. Jana si ulinishika mgongo?"

"Nilishakiondoa kiganja kitambo. Ulielea peke yako, ukitazama dari mpaka ukasinzia."

"Muongo wewe."

"Ukakoroma kidogo."

Macho yakaniwia mazito, nikajiona nami nimelala juu ya maji ya uvuguvugu. Basi liliposimama bwawani, mwenye taulo akainuka. Fundi akamshika mkono.

"Leo nakwenda kushona, kesho nitakuwepo. Njoo tena kuniona kule maji mafupi. Uniwekee kiganja, na ukikiondoa usiniambie."