Spika ya Mzee Kasmir

Kijiwe chetu cha Kizwite kina benchi moja, jiko langu la mkaa, kibanda cha fundi simu, na wanaume watatu ambao hawajawahi kushindwa na jambo lolote. Mimi ni Bertilla, nawauzia kahawa. Benchi lina sheria waliyoitunga wenyewe: anayeuliza swali anasimama mpaka kahawa iishe, na wiki nzima anaitwa Mwanafunzi. Kwa hiyo pale hakuna anayeuliza, wanajibu tu. Alhamisi hiyo ya mwezi wa saba, upepo ukikata masikio, walikuwa wanajibu kwa siku ya nne mfululizo kuhusu amplifaya ya Flavian, kijana wa mtaa wa Izia wanayemwita Injinia. Aliiagiza mtandaoni, ikaja vipandevipande kwenye boksi, ya zile taa za kioo kama za redio za zamani. Akaiunga mwenyewe kwa lehemu ili kwaya ya kigango chao iimbie Jumapili, naye maishani hajawahi kuunga hata kengele ya mlango. Ili aijaribu, Jumatatu asubuhi aling'oa spika kwenye redio ya baba yake, Mzee Kasmir, akaahidi kuirudisha Jumatatu ileile. Mzee hana habari na mpira wala muziki. Anachosikiliza ni matangazo ya vifo ya saa kumi jioni, maana ndugu zake wote wako kijijini Mwimbi, na simu hataki hata kuishika.

Flavian alichomeka waya kwenye kibanda cha Meshack, fundi simu. Taa zikawaka rangi ya chungwa, nzuri kwelikweli. Tukasubiri. Spika ikatoa sauti ileile ya siku zote: nguuuuu.

Wa kwanza kujibu alikuwa Isdori. Tunamwita Profesa kwa sababu aliwahi kulinda geti la chuo.

Profesa: Baridi hiyo. Hizo taa zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa joto. Huku kwetu zinatetemeka, ndiyo mngurumo wenyewe huo. Ifunike blanketi.

Meshack: Blanketi la nini, Profesa! Umeme wetu huu umevuka mpaka. Umetoka Zambia huko, umefika umechoka na Kiswahili hauujui. Kijana anaweka kwaya, mashine inasikia Kibemba.

Wa tatu ni Sayi, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Hata kwenye kahawa huja na fimbo.

Sayi: Umeme ni ng'ombe tu. Ukimwingizia mlango wa nyuma lazima alie. Geuza plagi.

Flavian: Nimeshaigeuza, baba.

Sayi: Uliigeuza haraka. Ng'ombe hageuzwi haraka.

Flavian akaigeuza polepole. Nguuuuu.

Kisha akatoa kitu kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa kirizista, kipande kidogo cha ndani ya mashine, chembamba kama njiti ya kiberiti, kina mistari ya rangi.

Flavian: Hiki kilibaki.

Nilimsikia vizuri. Sauti ilianza kama ya mtu anayetaka kuuliza, halafu akakumbuka yuko wapi, akaishusha mwishoni.

Meshack: Nyongeza hiyo. Kiwandani wanaongeza kimoja, kama muuza nyanya.

Profesa: Nyongeza. Iko wazi kabisa.

Sayi: Na wamekubana. Mimi ningeongezewa viwili.

Kirizista kikarudi mfukoni. Karatasi ya maelekezo yenyewe, yenye picha za kila waya na mahali pake, ilikuwa chini ya birika langu tangu Jumatatu. Walikwisha kuamua kwamba anayesoma karatasi anauliza kwa macho, na adhabu ni ileile.

Meshack: Washa simu basi, Injinia, tutafute video.

Flavian: Siwashi. Adela wa kwaya ananisaka tangu Jumatatu. Nimeizima mpaka hii kitu itoe sauti.

Profesa: Safi. Fundi hasumbuliwi.

Hapo nami nilikuwa na la kwangu. Jumanne jioni, nikichambua ulezi nyumbani, nilisikia redioni jina la Mwimbi, na jina la marehemu, Cornelius, halafu maji yakachemka nikakimbilia jikoni. Jumatano asubuhi nilipomwona Flavian nilifungua mdomo nimuulize kama huyo ni wa kwao. Lakini Profesa alikuwa ameinua kikombe anaeleza jambo, na hawa wakianza kumcheka mtu, humcheka mpaka Krismasi. Wakishamaliza wanahamia kwa muuza kahawa wa stendi. Nikafunga mdomo wangu nikakoroga tangawizi.

Flavian: Mimi naona niirudishe hii spika kwa mzee. Leo siku ya nne, anakaa na lile boksi tupu la redio mapajani.

Profesa: Uirudishe! Zimebaki dakika mbili tumalize!

Meshack: Dakika mbili tu, mshikaji.

Dakika mbili hizo nilianza kuzisikia Jumatatu saa tano asubuhi. Flavian akashusha mabega, akakaa.

Profesa: Sikilizeni niwape siri. Hizo taa zimekaa njiani mwezi mzima. Basi lililozileta limepita milimani siku ya radi. Zimemeza radi. Sasa zinacheua.

Sayi: Kama zinacheua, hazina ugonjwa. Anayecheua ni mzima. Tuziache mpaka kesho, zimalize.

Meshack: Nyie hamjui kitu. Mbovu ni spika. Miaka thelathini imezoea kutangaza vifo. Leo unaiambia iimbe kwaya, haiwezi, inaomboleza! Isikilizeni!

Nguuuuu, ikafanya spika. Benchi zima likacheka. Profesa alimwaga kahawa kwenye suruali. Flavian naye alicheka, nimwache nani? Nami nilicheka.

Tulikuwa bado tunacheka bodaboda iliposimama. Akashuka mama mmoja mtu mzima, kanga moja kaifunga kiunoni, nyingine begani, vumbi la barabara ya Mwimbi mpaka kwenye nyusi. Flavian akaruka kutoka kwenye benchi.

Flavian: Shikamoo, shangazi Avelina!

Avelina: Marahaba, mwanangu. Nimeona nikupitie hapa kwanza, maana nyumbani sijui nitaingia na uso gani. Kaka alikosana na Cornelius lini?

Flavian: Baba na baba mkubwa hawajawahi kukosana, shangazi.

Avelina: Sasa kwa nini hakuja kumzika?

Benchi lenye majibu ya radi na ya umeme wa nchi mbili likamgeukia.

Avelina: Alifariki Jumatatu asubuhi. Tumetangaza Jumatatu, tumetangaza Jumanne, na jana tena. Simu yako tumepiga, haipatikani. Padri alikuwa ameshafika, tukamwomba asubiri. Tukasema Kasmir tangazo halimpiti, hata wafu asiowajua anatusimulia. Jana tumekaa na kaburi wazi mpaka jua linazama. Watu wakaanza kusema ana kinyongo. Ndipo tukafukia.

Nguuuuu. Meshack alinyoosha mkono akachomoa waya. Taa zikafifia moja baada ya nyingine. Profesa alikuwa anatazama ndani ya kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Sayi alivua kofia, sasa hajui aiweke wapi.

Flavian alipiga magoti akaanza kufungua nyaya za spika kwa kucha, kisha kwa meno, bisibisi iko pale pale mbele yake. Kirizista kilidondoka mfukoni, akakikanyaga. Alipoipata spika aliikumbatia kifuani, akasimama, akawageukia walimu wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Flavian: Nitamwambia nini mzee?

Lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na mtu wa benchi lile tangu niwajue. Hakuna aliyemwita Mwanafunzi. Alimtazama Profesa, akamtazama Meshack, akamtazama Sayi, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja akaangalia chini. Birika lilikuwa bado na kahawa nusu nzima. Mwishowe akanitazama mimi, nami nilikuwa na jibu moja tu, lile nililolisikia redioni Jumanne jioni.