Picha ya Kumzuia Bibi

Mbele yangu katika basi walikaa watu wawili wasiojuana: kijana mwenye sare ya fundi umeme na mama mtu mzima aliyepakata begi kubwa. Kijana alitazama picha za mtoto kwenye simu huku akiguna. Mama alichungulia bila kuomba ruhusa.

"Mwanangu, mbona mtoto wa manjano hivyo? Anaumwa?"

"Mzima kabisa, mama. Ni taa ya chumbani, nimeifunga mwenyewe. Mama yangu naye ameuliza hivyo hivyo, na sasa anataka kuhamia kwetu amlee. Mke wangu kasema nitume picha nzuri leo, la sivyo nitamtambua."

Nilikunja gazeti langu. Habari za dunia zingeweza kusubiri.

"Zima taa," mama aliagiza. "Mlaze karibu na dirisha akishashiba. Nawe usimsimamie kama askari. Lala kifudifudi, macho yenu yalingane."

"Nilale sakafuni, na shemeji zangu wamejaa sebuleni?"

"Wacheke! Mwanangu wa kumzaa alilala hivyo hivyo kumpiga mwanawe, na picha ikatoka mtoto anang'aa, vishavu hivi!"

"Nawe ukatulia nyumbani?"

"Nitulieje na mjukuu mzuri namna ile? Ndiyo naenda kukaa nao."

Kijana alilitazama begi, kisha simu yake. Basi liliposimama, alishuka na mama ili amsaidie mzigo wake. Aliunyanyua kwa shida, akauliza kwa sauti ndogo, "Umebeba nguo za muda gani, mama?"

Mlango ulifungwa kabla sijasikia jibu.